Mlango wa Gari la Koplo Teofil

Mlango waliupata kwenye banda la nguruwe. Mkulima mmoja wa nje kidogo ya mji wa Łozowa, mashariki mwa Poland, alikuwa anabomoa banda la babu yake, bawaba zikamshinda, akamwita Hieronim Sowa aje na mtungi wake wa gesi azikate. Hieronim alikuwa fundi wa kuchomelea. Miaka thelathini na tisa alifanya kazi kwenye karakana ya matrekta mpaka ilipofungwa, na chuma alikijua kwa kukigonga tu. Akaugonga ule mlango. Mlio haukuwa wa bati la shambani. Akachota maji kwenye ndoo, akasugua kwa kitambaa, na chini ya uchafu wa miaka mingi ukajitokeza mstari wa ribiti, vile vipingili vya kushikiza mabamba, kisha kijidirisha chembamba cha kuchungulilia, kisha matundu matatu ya risasi yaliyofuatana kama vifungo vya shati.

“Babu alisema aliutoa pale darajani,” mkulima akamwambia. “Kwenye lile gari.”

Hieronim hakuuliza gari lipi. Łozowa nzima ilikuwa na gari moja tu la kuongelea: gari dogo la deraya, la watu wawili, lililobaki peke yake kwenye daraja la mji mnamo Septemba 1939 na kuwachelewesha Wajerumani kwa muda wa nusu asubuhi, hadi lilipowaka moto. Aliyekuwa kwenye usukani ni Koplo Teofil Drzewiecki, mtu wa hapo hapo, mwana wa mtengeneza viatu. Hakuna aliyejua walimzika wapi, au kama walimzika.

Ndiyo maana mlango ule ulipoletwa mjini kwenye mkokoteni wa trekta, wanaume watano walijikuta wamekaa jikoni kwa Hieronim wanazungumzia kulijenga gari zima upya. Wakajiita Chama cha Kumbukumbu ya Daraja, na mwenyekiti wakamweka Gracjan Pytel, mwalimu wa historia, mtu wa miaka arobaini na mitano aliyejua kuzungumza mbele za watu na kuandika barua zinazojibiwa. Ufundi wote ukawa wa Hieronim.

Kazi ilichukua miaka sita, kwenye kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Michoro ya zamani ilikuwa michache na picha zilikuwa za ukungu; kipimo cha kuaminika kilikuwa ule mlango. Hieronim alipima unene wake, akapima nafasi kati ya ribiti na ribiti, na kutoka hapo akakisia ubavu, kutoka ubavu akakisia pua. Fremu aliitoa kwenye lori kuukuu. Kiti cha dereva alikifunika kwa ngozi ya koti la mkewe, Leokadia, ambaye alilalamika siku mbili kisha akaishona mwenyewe. Ribiti alizipiga moja moja kwa nyundo, elfu moja mia nne na kitu, bega la kulia likawa halinyanyuki tena kupita sikio.

“Ungenipenda mimi hivyo,” Leokadia alimwambia siku moja akimpaka dawa begani, “tungekuwa na watoto kumi na wawili.”

“Wewe hukuhitaji ribiti.”

“Unavyojua wewe!”

Kwenye ubao wa mlangoni pa kiwanda waliandika wazi: nakala ya gari la deraya, yenye mlango mmoja halisi. Waliona fahari hata kwa hilo.

Mambo yalianza kupinda majira ya kuchipua ya 2019, miezi michache kabla ya kumbukumbu ya miaka themanini. Mwandishi wa gazeti alikuja, akapiga picha, akaondoka, na Jumamosi gazeti likatoka na maneno makubwa: Gari la mwisho la 1939 lapatikana Łozowa. Hieronim alicheka, akampelekea Gracjan gazeti.

“Mpigie simu huyu kijana, Mwalimu. Ameandika pumba.”

Gracjan alilisoma mara mbili. “Nitampigia,” akasema.

Hakupiga. Wiki iliyofuata simu zilianza kuingia kwake yeye: watu wa mkoa, watu wa televisheni, msaidizi wa waziri. Kukawa na maneno ya jumba la makumbusho, na barabara ya lami mpaka darajani. Gracjan akamfuata Hieronim kiwandani, akavuta ndoo akaikalia.

“Mzee Hieronim, nikuulize. Tukisema ni nakala, watakuja?”

“Wakitaka watakuja.”

“Hawatakuja. Nakala ziko kila mahali, kila chama kina yake, na zinaendeshwa kwenye sherehe za viazi. Nusu ya vijana wa mji huu wamekwenda kuosha vyombo ughaibuni. Jumba likijengwa hapa, hata kama ni ajira ishirini, ni ishirini. Nani anaumia?”

Hieronim alichukua kitambaa akaanza kupangusa ribiti. Alikuwa anafikiria, na hilo hakulisema kwa mtu, jinsi watu wangelitazama gari lake. Nakala watu huipiga picha huku wanakula soseji. Kitu halisi watu hukivulia kofia. Miaka sita ya bega lake ilitaka kuvuliwa kofia.

“Unataka nifanye nini?” akauliza.

Alitakiwa alizeeshe. Akalivua gari mabamba yote, akayalaza kwenye lile pipa kubwa la kuchemshia maziwa, akayamwagia tindikali na chumvi, akayatoa, akayafukia kwenye tope la nyuma ya kiwanda, akayafukua. Gracjan akaja akayakagua, akasema matundu ya risasi ni machache mno. Hieronim akatoboa mengine kwa kekee, akayachana kingo kwa tindo ili yafanane na yale matatu. Yalifanana. Alikuwa fundi hodari mno.

Walipoliunganisha tena, gari lilionekana limetoka kaburini. Kilichokaa vibaya kilikuwa mlango. Hieronim alikuwa ameusafisha na kuupaka mafuta taratibu miaka yote hiyo, akautunza, na sasa katikati ya yale mabamba yaliyoliwa na kutu uling'aa kama jino la bandia.

“Huo ndio unaotuangusha,” Gracjan alisema. “Unaonekana wa jana.”

“Huo ndio wa kweli, Mwalimu.”

“Najua. Utie na wenyewe.”

Hieronim aliufungua mlango kwenye bawaba, akaubeba mikononi mpaka kwenye pipa. Alisimama hapo kwa muda akiutazama. Kisha akautia. Tindikali ikachemka povu juu yake, akageuka akaenda kuvuta sigara nje, na aliporudi ulikuwa umefanana na ndugu zake wa uongo. Jioni hiyo Gracjan alimletea karatasi ya kusaini, iliyosema kuwa mabamba yote yaliokotwa shambani na kwamba yeye, fundi, aliyaunganisha tu. Alisaini akiwa ameiweka juu ya pua ya gari.

Sherehe, mwanzoni mwa Septemba, ilikuwa ya kupendeza. Padri alinyunyiza maji ya baraka, bendi ya zimamoto ikapiga, gari likateremka kwa nguvu zake lenyewe mpaka darajani, na wanaume kweli walivua kofia. Kisha Gracjan akamleta mbele Bi Apolonia, amemshika mkono.

Bi Apolonia Drzewiecka alikuwa mtoto pekee wa Koplo Teofil. Alikuwa na miaka minne vita vilipofika, na sasa alikuwa na themanini na minne, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, mkali, aliyewachapa kwa rula nusu ya wazee waliosimama pale, Hieronim akiwa mmojawapo. Hakuwa mtu wa kulia. Alilizunguka gari mara moja, akaomba kuingia. Hieronim ndiye aliyemsaidia kupanda. Bibi akakaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani kwa mikono miwili.

“Hieronim,” akasema baadaye kwa sauti ndogo, bila kugeuka. “Alikaa hapa?”

Ilikuwa nafasi ya Hieronim kusema ukweli. Nje bendi ilikuwa imeshusha ala zake, watu wanasubiri, na Gracjan anatazama.

“Hapa, Bi Mwalimu,” akasema.

Bibi akainamisha paji la uso kwenye usukani uliotoka kwenye lori la kubebea mkaa, akalia mpaka mabega yakatikisika. Na watu wazima, waliomwogopa maisha yao yote, walilia pamoja naye.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Alhamisi. Alipanda basi la saa nne, akashuka kiwandani na kipande cha keki ya plamu kwenye karatasi kwa ajili ya Hieronim, akakaa ndani ya gari robo saa, wakati mwingine nusu. Aliongea humo ndani. Hieronim alijifanya anafagia mbali, lakini kiwanda kilikuwa kitupu, na sauti ilimfikia: alikuwa anamsimulia baba yake juu ya mama, kwamba hakuolewa tena, juu ya wanafunzi, juu ya paa linalovuja. Siku moja alitoka akamwambia Hieronim, “Kila mwaka Siku ya Watakatifu Wote watu wanawasha mishumaa kwa watu wao, mimi nawasha kwenye ule msalaba mkubwa, wa wasio na kaburi. Nabanana na wageni. Mwaka huu nitawasha hapa. Utaniruhusu?”

“Bila shaka, Bi Mwalimu.”

Nyumbani, hata kesho yake, keki ile ilikuwa bado mezani, haijaguswa. Ndipo alipomweleza Leokadia yote, tangu gazeti mpaka pipa. Leokadia alisikiliza akiwa ameshika mwiko, supu ya bitiruti ikichemka nyuma yake mpaka ikafurika.

“Ulimtia mama wa watu kwenye kiti cha koti langu,” akasema, “ukamwambia ni cha baba yake.”

“Nitamwambia.”

“Lini?”

“Alhamisi.”

“Leo ni Ijumaa. Basi liko barabarani. Nenda leo, asije akaambiwa na mtu mwingine.”

Hakwenda. Alhamisi ikafika, bibi akaja na keki, akaonekana amechangamka kuliko kawaida, amevaa skafu mpya, na Hieronim akajiambia hawezi kumharibia siku. Alhamisi iliyofuata ilinyesha. Akapitisha wiki nne hivyo.

Jumba la makumbusho likataka uthibitisho kabla ya kujenga kitu. Katikati ya Oktoba akatumwa mtaalamu wa vyuma kutoka mji mkuu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, amevaa buti za mpira, na kisanduku cha vifaa. Gracjan alikuwa amealika watu wakaangalie. Hakuwa na wasiwasi, kwa maana karatasi ya fundi ilikuwa mkononi. Bi Apolonia alikaa mbele kabisa, kwenye kiti alicholetewa.

Mtaalamu alifanya kazi kwa saa nzima. Alimulika, alikwangua, akatoboa vishimo vidogo upande wa ndani na kuupima unga uliotoka kwa kifaa kilichotoa mlio kama wa king'ora cha mtoto. Kisha akainuka, akapangusa mikono.

“Nani alitengeneza?” akauliza. “Ni kazi nzuri sana. Sijapata kuona ribiti safi hivi.”

“Alitengeneza vipi?” Gracjan alisema. “Aliunganisha.”

“Bwana mwenyekiti, hiki ni chuma cha juzi. Hii kutu ni ya tindikali, na bado ina chumvi. Matundu haya yametobolewa kwa kekee.” Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma joto la mgonjwa. “Sioni kitu chochote hapa cha mwaka 1939.”

Watu wakageuka kumtazama Bi Apolonia kabla ya kumtazama Gracjan. Bibi hakutikisika. Gracjan, uso umemwiva, alitoa ile karatasi mfukoni akaifungua mbele ya wote.

“Sisi tulimwamini fundi. Hii hapa sahihi yake. Mimi ni mtu wa vitabu, chuma nitakijulia wapi? Mzee Hieronim, umetufanyia nini?”

Hieronim alifungua mdomo. Mengi yangeweza kusemwa: gazeti, ndoo, utie na wenyewe. Lakini kilichomtoka ni kimoja.

“Mlango,” akasema. “Mlango ni wa kweli. Upime tena. Ulitoka darajani, ulikuwa kwenye banda la nguruwe, mkulima yuko hai, muulizeni!”

Mtaalamu aliurudia mlango, akautazama kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyotazama mabamba mengine. “Inawezekana,” akasema. “Mchanganyiko wa chuma chake ni tofauti kidogo. Lakini uso wote umeliwa. Rangi ya kiwandani, moshi, alama za moto, chochote ambacho kingenionyesha, hakipo. Na matundu yake ni sawasawa na haya uliyotoboa wewe. Ukiniambia niandike, siwezi kuandika.”

“Nani aliutia tindikali?” mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

“Mimi,” Hieronim akasema.

Mtu akacheka. Bi Apolonia akainuka, akakataa mkono wa kila aliyetaka kumsaidia, akatoka kwenda kusubiri basi.

Kwa wiki mbili Łozowa ilikuwa na kitu cha kutafuna. Hieronim akiingia dukani mtu humuuliza kama mkate ni wa asili au ni nakala. Parokiani walipohitaji kuchomelewa stendi ya mishumaa, walimwita fundi kutoka mji wa pili, “maana huyu wetu ataileta akisema ilikuwa ya mfalme.” Gracjan alibaki mwenyekiti, akahutubia wanafunzi juu ya ubaya wa kughushi historia. Gari chama kikaliuza kwa mtu mwenye uwanja wa michezo ya kupigana kwa bunduki za rangi, kule ziwani.

Kabla hawajaja kulichukua, Hieronim alikwenda kiwandani na spana. Alimkuta Gracjan anakusanya mafaili.

“Nachukua mlango,” akasema. “Ukitaka niitie polisi.”

Gracjan alimtazama kidogo. Palikuwa na aibu usoni mwake, lakini aliizidi nguvu haraka. “Chukua, mzee. Si ulitengeneza mwenyewe?”

Aliupakia kwenye toroli, kilo karibu sitini, na bega lake bovu, akausukuma kilomita mbili mpaka kwa Bi Apolonia. Ilikuwa siku mbili kabla ya Watakatifu Wote. Kila ua ulikuwa na akina mama wanafunga mashada ya maua ya makaburini, na wote waliacha kufunga ili wamwangalie anavyopita. Bibi alimwona dirishani, akatoka barazani na shali, asimfungulie geti.

“Bi Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi,” Hieronim akasema. “Kila kitu nilikutengenezea mimi, kiti, usukani, vyote. Nilikudanganya machoni. Lakini huu, huu haukutengenezwa na mtu wa hapa. Huu alikuwa nao baba yako, kulia kwake. Nimekuletea uwe wako. Uwashe mshumaa hapo.”

Bibi aliutazama mlango ule kwenye toroli.

“Siku ile nilikuuliza kama alikaa pale. Unakumbuka ulivyonijibu?”

“Nakumbuka.”

“Nijibu sasa. Mlango huu ni wenyewe?”

“Ni wenyewe, Bi Mwalimu. Naapa.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akitikisa zamani mbele ya ubao, jibu likiwa limekosewa.

“Sauti ni ile ile, Hieronim. Miaka arobaini nimefundisha watoto, namjua mwongo kabla hajamaliza sentensi. Wewe sikukujua. Ulinijibu siku ile kama unavyonijibu sasa, macho yale yale.” Akajifunga shali. “Labda unasema kweli. Utanifanyia nini ili nijue? Utafanya nini mimi nikikaa na hicho chuma sebuleni niwe nauliza kila asubuhi, ni wewe au ni baba?”

“Nilikichoma mwenyewe kwa tindikali,” Hieronim akasema. “Kilikuwa kinajulikana. Kila mtu angekijua.”

“Basi umemuua mara ya pili. Nenda nyumbani.”

Akaingia, akafunga. Hieronim hakuweza kuusukuma tena. Aliuegemeza kwenye uzio, upande wa nje, uso wake wenye matundu ukielekea nyumba, akidhani kwamba kesho, au kesho kutwa, bibi atalainika moyo akamwita jirani amwingizie.

Siku ya Watakatifu Wote makaburi yalijaa, moshi wa mishumaa ukaning'inia juu ya misonobari. Hieronim na Leokadia waliwasha kwa wazazi wao. Bi Apolonia alikuwa pale alipokuwa kila mwaka, kwenye msalaba mkubwa, anasukumana taratibu na wageni kupata nafasi ya mshumaa wake. Leokadia alikwenda akamsalimu, na bibi akaitikia salamu. Hieronim alibaki njiani na kofia mkononi.

Aliporudi kupita ule uzio Jumatatu, mlango haukuwepo. Akamwita jirani aliyekuwa anafagia majani.

“Ameuingiza?”

“Nani, bibi? Hapana. Alipita yule wa vyuma chakavu, na lori lake. Akapiga hodi kuuliza kama ni wa kutupwa. Bibi akasema hajui ni wa nani.”

Hieronim alimpata mtu wa vyuma siku ya pili, mji wa jirani, anapakia mabehewa. Yule bwana alikumbuka bamba zito lenye matundu. Lilikuwa limekwenda na shehena ya Jumatatu jioni, pamoja na majiko na mabomba. Kwa adabu alimwonyesha hata reli lilikopitia. Hieronim alimshukuru.

Bi Apolonia alifariki Februari, kwa nimonia, akazikwa pamoja na mama yake. Hieronim alihudhuria. Alisimama nyuma karibu na geti, theluji ikimwingia viatuni, na hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Gracjan ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, vizuri sana, na watu walilia.